Milia ya Mahindi: Historia ya Mdudu na Mbegu kutoka Amani hadi Ilonga

Mkulima wa Muheza au Korogwe aliyechelewa kupanda anaijua hali hii bila kufundishwa na mtu. Mahindi yameota vizuri, yamefikia majani manne au matano, kisha jani jipya linatoka likiwa na vistari vyeupe vyeupe vinavyofuata mishipa yake, kama kwamba mtu amelichora kwa chaki. Jani linalofuata ni baya zaidi. Mmea unadumaa. Ukibahatika kubeba, gunzi lake ni dogo na punje zake ni za kuhesabu. Shamba la jirani aliyewahi mvua za kwanza limesimama kijani, na watu wanaanza kusemezana: ardhi imechoka, mbegu ilikuwa mbovu, au kuna jicho la mtu.

Huo ndio ugonjwa wa milia. Hauletwi na ardhi wala na jicho. Unaletwa na virusi, na virusi hivyo hubebwa na kidudu kirukacho chenye urefu wa milimita chache tu, ambacho hutoka katika nyasi na mahindi ya zamani yanapoanza kukauka na kuhamia kwenye miche michanga. Ndiyo maana aliyechelewa ndiye anayeumia. Sehemu kubwa ya ujuzi huu, na mengine ya ajabu zaidi, ilipatikana hapa hapa mkoani Tanga kabla ya Vita Kuu ya Pili. Lakini mbegu ya mahindi yenye kuustahimili ugonjwa huo haikumfikia mkulima wa Tanzania mpaka miaka ya 1980. Kati ya ujuzi na mbegu ilipita nusu karne.

Makala haya yanauliza kwa nini. Jibu la haraka ni kwamba wakoloni hawakumjali mkulima mdogo. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, nasi tutauonyesha, lakini halitoshi. Kada anayeridhika nalo atapigiwa makofi mkutanoni na kurudi nyumbani bila kuelewa kwa nini hata baada ya Uhuru wa 1961 iliwabidi wakulima wangoje zaidi ya miaka ishirini mingine.

Elimu kwa ajili ya nani?

Kutoka Usagara mjini Tanga, barabara ya kwenda bara hukufikisha Muheza, na kutoka Muheza njia hupanda milima ya Usambara Mashariki hadi Amani. Hapo ndipo Wajerumani walipoanzisha, mwaka 1902, taasisi yao ya utafiti wa viumbe na kilimo. Hawakuianzisha kwa ajili ya mahindi. Mkonge ulikuwa umekwisha kuletwa pwani hii na Richard Hindorf mwaka 1893. Kahawa na mpira vilikuwa vikipandwa kwenye mashamba makubwa. Na kazi ya Amani ilikuwa kumhudumia mwenye shamba hilo, kumjaribia mimea ya kutoka nchi nyingine za joto na kumshauri juu ya maradhi yake. Baada ya vita vya 1914–1918 Waingereza waliiacha Amani idorore. Tume ya Bunge la Uingereza iliyoongozwa na Ormsby-Gore, iliyotembelea Afrika Mashariki mwaka 1924, ndiyo iliyohimiza ifufuliwe, na mwishoni mwa miaka ya 1920 ilifanya kazi tena ikiwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki nzima, chini ya mkurugenzi William Nowell.

Mtu akitaka kipimo cha upendeleo wa wakati ule, asiende mbali na Muheza. Mkonge ulikuwa na kituo chake wenyewe cha utafiti pale Mlingano, karibu na Ngomeni, kilichoshughulika na zao hilo moja. Mahindi ya mkulima wa jembe la mkono hayakuwa na kituo. Yalipata nafasi katika chumba cha mtaalamu mmoja wa maradhi ya mimea pale Amani, aliyekuwa na maradhi ya mazao mengine mengi mezani pake.

Mtaalamu huyo ni H. H. Storey. Alifika Amani mwaka 1928 akitoka Afrika Kusini. Ugonjwa wa milia ulikuwa umeelezwa Natal na Claude Fuller mwaka 1901, lakini hakuna aliyejua unavyoenea. Ni Storey aliyethibitisha, alipokuwa Durban katika miaka ya 1920, kwamba unabebwa na kidudu kiitwacho kitaalamu Cicadulina mbila. Jina hilo la pili linafanana na umbila, ambalo ni neno la Kizulu la mahindi. Hapana budi tuseme haki: alikuwa mtumishi wa dola ya kikoloni, na alikuwa mchunguzi hodari sana. Mambo hayo mawili yalikaa ndani ya mtu mmoja, na mwanafunzi wa historia asilione moja akafumba jicho kwa jingine.

Urithi wa mdudu

Kule Amani Storey alikutana na jambo lililomsumbua. Vidudu viwili vya aina ile ile, vikila jani lile lile lenye ugonjwa, havikufanya kazi sawa. Kimoja kikihamishwa kwenye mche mzima, mche unaugua. Cha pili kikihamishwa, mche hauugui, hata kikiunyonya maisha yake yote. Mtu mwingine angesema ni bahati. Yeye alivitenga kimoja kimoja, kila kimoja na mche wake, akazalisha kutoka kwao koo mbili: ukoo unaoambukiza na ukoo usioambukiza. Kisha akazipandanisha.

Matokeo yake yafaa kuelezwa polepole. Jike wa ukoo unaoambukiza alipopandana na dume asiyeambukiza, watoto wote waliambukiza, wa kike na wa kiume. Lakini dume anayeambukiza alipopandana na jike asiyeambukiza, watoto wa kike waliambukiza na wa kiume hawakuambukiza. Kwa nini? Kwa sababu uwezo huo umewekwa kwenye kromosomu ile ile inayoamua jinsia, na mtoto wa kiume wa kidudu hiki huipata kutoka kwa mama peke yake. Basi uwezo wa kueneza ugonjwa wa mahindi ulikuwa wa kurithiwa, tena kwa kanuni ile ile iliyovumbuliwa na Mendel katika njegere za bustani. Taarifa hiyo ilichapishwa na Royal Society ya London mwaka 1932.

Mwaka uliofuata alikwenda hatua zaidi. Alichukua kidudu cha ukoo usioambukiza, akakitoboa tumbo kwa sindano nyembamba na kukilisha jani lenye ugonjwa. Kidudu kile kikaambukiza! Maana yake virusi vilikuwa vikizuiwa ndani ya utumbo, visiweze kupenya kuingia mwilini na kufika kwenye mate. Tundu la sindano likavifungulia njia. Katika ulimwengu mzima wakati huo ni watu wachache waliokuwa wameeleza kwa uwazi kiasi hiki jinsi mdudu anavyobeba virusi vya mmea.

Ndugu msomaji afikirie kazi iliyokuwamo. Kila kidudu kilihitaji kizimba na mche mchanga, na mche huo ulitakiwa uoteshwe, umwagiliwe na kukaguliwa jani kwa jani. Juu ya makala zile mbili limeandikwa jina la Storey peke yake. Mikono iliyootesha miche ile ilikuwa mingi zaidi.

Lakini elimu yote hii ilikuwa na upungufu mmoja: haikuwa mbegu. Kutokana nayo bwana shamba aliweza kumwambia mkulima apande mapema, na asipande mahindi mapya kando ya mahindi ya zamani yanayokauka. Ushauri huo ni mzuri hata leo. Hata hivyo unamtaka mtu awe na mikono ya kutosha kulima shamba lote kwa wiki moja, na mvua imwendee kwa ahadi. Mjane mwenye jembe moja hapandi mapema kwa kuambiwa. Tena hapa kwetu Tanga kuna masika na kuna vuli: mahindi ya msimu mmoja yanapozeeka, ya msimu mwingine yanaota, na mdudu hana safari ndefu.

Muhogo ulipotangulia

Mtu aweza kudhani kwamba Amani haikuwa na uwezo wa kutengeneza mimea yenye ukinzani. Si kweli, na ushahidi ni muhogo.

Ugonjwa wa batobato wa muhogo, ambao hubebwa na inzi weupe, uliandikwa kwa mara ya kwanza na Mjerumani Warburg mwaka 1894, naye alikuwa akizungumzia Usambara. Katika miaka ya 1930 Storey na mwenzake R. F. W. Nichols walianza kutafuta muhogo usioushindwa. Walipoona kwamba ukinzani wa aina za muhogo zilizokuwapo hautoshi, waligeukia jamaa za muhogo zisizolimwa kwa chakula, hasa mti wa mpira wa Ceará wenye asili ya Brazili. Mti huo haukuwa mgeni hapa. Wajerumani walikuwa wameupanda kwa wingi kwa ajili ya utomvu wake, mpaka bei ya mpira ilipoanguka duniani mwaka 1913 na mashamba mengi yakaachwa. Hivyo mabaki ya biashara iliyofilisika ya mabepari yakawa mzazi wa chakula cha wakulima. Historia ina mzaha wake.

Chotara wa kwanza alikinza ugonjwa lakini mizizi yake haikuliwa. Ikabidi arudishwe kwenye muhogo mara ya pili, na ya tatu, na kila kizazi kichaguliwe upya, apatikane mmea wenye mizizi ya muhogo na ukinzani wa mpira. Nichols alipofariki kazi ilishikwa na D. L. Jennings. Mbegu za uzao huo zilipelekwa Nigeria katika miaka ya 1950, na mmea mmoja uliochaguliwa huko, ulioandikwa kwa namba 58308, ulitumiwa na S. K. Hahn pale Ibadan kuanzia mwaka 1971 kuzalisha mihogo iliyosambaa Afrika. Uganda ilipopigwa na batobato kali katika miaka ya 1990, mihogo ya jamii hiyo ndiyo iliyopandwa upya.

Kuna na kisa cha karibu zaidi. Huko Mtwara wakulima walikuwa na muhogo waliouita Namikonga. Pwani ya Kenya wakulima wenzao walikuwa na muhogo walioupa jina la Kaleso. Ilisifiwa kwa kutoharibiwa sana na michirizi ya kahawia, ugonjwa mwingine ambao Storey aliueleza mwaka 1936. Uchunguzi wa chembe za urithi katika karne hii umeonyesha kwamba Namikonga na Kaleso ni mmea mmoja, nao ni chotara wa Amani mwenye namba 46106/27. Kituo kiliusahau. Wakulima waliutunza kwa zaidi ya miaka hamsini, wakipeana pingili mkono kwa mkono, bila kampuni wala cheti.

Hindi si muhogo

Hapo ndipo tunapokaribia jibu letu. Pingili ya muhogo ni mmea ule ule. Ukimpa shangazi yako pingili ya Namikonga, amepata Namikonga kamili, na mjukuu wake naye atapata Namikonga. Ukinzani haupungui njiani. Kwa hiyo mkulima mwenyewe aweza kuwa mlinzi wa urithi huo, hata taasisi ikifungwa na wataalamu wakirudi kwao.

Hindi halina tabia hiyo. Chavua yake huchukuliwa na upepo. Gunzi moja lina baba wengi, na baadhi yao wako shamba la jirani. Storey na Howland, wakiwa Muguga nchini Kenya ambako utafiti wa kilimo wa Afrika Mashariki ulihamishiwa baada ya Vita Kuu ya Pili, walichunguza mahindi yaliyoonyesha ukinzani wa milia. Mwaka 1967 walitoa taarifa kwamba ukinzani huo unaongozwa hasa na jeni moja kuu, na kwamba mmea ulioipata kutoka kwa mzazi mmoja tu husimama katikati: hauugui kama mnyonge, wala haustahimili kama mwenye kupata kwa wazazi wote wawili. Tazameni sasa linalotokea shambani. Mkulima ananunua mbegu yenye ukinzani, anapanda. Jirani zake watano wamepanda mahindi yasiyo nao. Punje anazoweka kwa mwaka ujao zimekwisha kuchanganyika. Baada ya misimu michache ukinzani umepungua, naye anasema mbegu ya serikali ilikuwa ya uongo.

Basi ukinzani wa mahindi hauwezi kukabidhiwa mara moja na kwisha. Unahitaji watu wa kuutunza kila mwaka: shamba la mbegu mama lililotengwa, wakaguzi, ghala, na njia ya kuufikisha kijijini. Kwa maneno mengine, urithi wa muhogo umo ndani ya pingili, na urithi wa mahindi, kwa sehemu kubwa, umo ndani ya chombo cha umma kinachoutunza. Kikivunjika chombo, urithi hutawanyika na upepo.

Na chombo kilivunjika kweli. Mwaka ule ule wa 1967, Jumuiya ya Afrika Mashariki iliundwa kwa mkataba, na Muguga ikawa chini yake. Pale Muguga, K. R. Bock na wenzake waliweza mwaka 1974 kuvitenga virusi vya milia vikiwa safi, na umbo lake lilionekana chini ya darubini ya elektroni: vipande viwili vilivyoshikana kama pacha. Mwaka 1977 Jumuiya ikafa. Maabara, makabati na mashamba ya majaribio vilibaki upande wa mpaka vilipokuwa, nasi Tanzania tukabaki na vituo vyetu. Hatukufukuzwa na mkoloni katika jambo hilo. Tulifanya wenyewe, nchi tatu huru.

Wakati huo njaa haikuwa jambo la vitabuni. Mwaka 1974 na 1975 nchi ililazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka nje. Mradi wa Taifa wa Mahindi ulianza katikati ya miaka hiyo, ukapeleka mbolea na mbegu vijijini. Katika haraka ile hesabu ilikuwa ya magunia kwa ekari, na maradhi ya mimea yaliachwa nyuma. Mwandishi haoni ajabu: mtu mwenye njaa hupima kwanza kibaba.

Usagara ya pili

Mbegu ilipokuja haikuja kutoka Amani. Kwa wakati huo Amani ilikuwa imekwisha kuwa mahali pa utafiti wa malaria, na hadi leo jina lake hutajwa zaidi kwa mbu kuliko kwa mahindi. Kitovu cha mahindi kilikuwa Ilonga, upande wa Kilosa, katika nchi ya zamani ya Wasagara, ambayo jina lake ndilo linaloitwa pale Tanga mjini.

Ilonga haikuanza kutoka sifuri. Taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, IITA, iliyoanzishwa Ibadan mwaka 1967, iliushughulikia ugonjwa wa milia katika miaka ya 1970 kwa njia ambayo Storey angeitambua mara moja: kufuga vidudu kwa maelfu ndani ya vizimba na kuviachia juu ya miche, ili pasiwepo mmea unaopona kwa bahati tu. Kati ya mahindi yaliyotumika kuwa chanzo cha ukinzani yalikuwamo ya kisiwa cha Réunion, katika Bahari yetu hii ya Hindi. Mwaka 1986 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Mfalme Baudouin. Kwetu, mpango wa taifa wa mahindi ulitoa Staha, Kilima na Kito mwaka 1983, na TMV-1 mwaka 1987. Kito inajulikana kwa kukomaa mapema. Staha na TMV-1 ndizo zilizopata sifa ya kuistahimili milia. Zote hizi ni mbegu ambazo mkulima aweza kuzirudia kwa misimu kadhaa, tofauti na chotara anayenunuliwa kila mwaka.

Jeni ile kuu iliyodokezwa mwaka 1967 ilipata mahali pake baadaye. Mwaka 1999 Mganda Kyetere na wenzake walichapisha uchunguzi ulioionyesha kwenye kromosomu ya kwanza ya mahindi. Tangu vidudu vya Amani hadi hapo ilikuwa miaka 67.

Kuna jambo moja ambalo vijiji havikulitumia vya kutosha, na kada wa kilimo aweza kulianzisha bila kungoja fedha. Wakulima wengi huchagua mbegu nyumbani, kutoka kwenye lundo, kwa kutazama ukubwa wa gunzi. Wakati huo jani limekwisha kuanguka na hakuna anayekumbuka mmea upi ulikuwa na milia. Mkulima akifunga kitambaa kwenye mimea iliyobaki kijani mwaka ambao milia imepiga kweli, kisha akachukua mbegu kwa hiyo peke yake, na kutoka katikati ya shamba wala si kwenye mpaka wa jirani, anafanya kwa mkono wake sehemu ya kazi ya Ilonga. Hataizuia chavua ya jirani yote. Lakini kijiji kizima kikipanda mbegu moja, jirani huyo hayupo tena.

Mwaka 2011, huko Bomet nchini Kenya, mahindi yalianza kukauka kwa ugonjwa mwingine ambao mabwana shamba wanauita kwa kifupi MLN, na mwaka 2012 ukathibitishwa Tanzania. Huu huletwa na virusi vya aina mbili vikikutana katika mmea mmoja, navyo pia husambazwa na wadudu, wakiwamo vidukari. Mbegu zilizoshinda milia hazikuwa na kinga juu yake. Mwaka 2013 kilifunguliwa kituo Naivasha, cha watafiti wa Kenya na wa CIMMYT, ambako mahindi hupandwa na kuambukizwa kwa makusudi. Karibu yote yaliungua. Kati ya machache yaliyobaki kijani mamo mistari yenye asili ya Thailand, ambayo mahindi yake hayapendwi na mlaji wa huku. Kwa hiyo watafiti walianza kuyapandanisha na mahindi yetu, na kuurudisha uzao kwenye mahindi yetu mara kwa mara, kama walivyofanyiwa muhogo na mpira wa Ceará pale Amani.